Siku ya Ishirini na Tatu

Karviná haina bahari. Ina makaa ya mawe,
ina ardhi iliyobonyea, ina kanisa lililoinama
kwa sababu chini yake watu walichimba, wakaondoa.
Na bafuni kwetu, ghorofa ya nne,
pale palipokuwa na mashine ya kufulia,
kuna lita mia tatu na ishirini za maji ya chumvi
alizozikoroga baba kwa mpini wa koleo.

Mgodi ulipofungwa walimpa saa ya ukutani.
Akaiuza, akanunua pampu.
Mama akauliza, "Oldřich, samaki wa kuliwa?"
Baba akasema hapana,
akaenda kupima chumvi.

Hivyo ndivyo tulivyozungumza: hapana, ndiyo, chumvi.

Jirani wa chini, Bi Jarmila,
aliijua bahari yetu kwa dari lake.
Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema;
wahenga hawakuishi juu ya Bi Jarmila.
Tuliyazoa kwa taulo, kwa ndoo, kwa soksi za baba,
saa nane za usiku, naye mlangoni na gauni la kulalia
akilamba kidole: "Kumbe ni ya chumvi kweli!"
Mwezi uliofuata akatuletea chupa tupu za soda
za kuoteshea mwani wa kuwalisha uduvi.
Zimejipanga dirishani, kijani kibichi,
na nje theluji imefika kwenye vioo vya magari.

Kisha yule dume.
Fedha, milia myeusi, madoa meupe
kama taa alizosahau mtu kuzima asubuhi.
Jike alitaga; yeye akayapokea mayai yote kinywani,
akafunga mdomo.

Siku ya nne hakula. Ya tisa hakula.
Nilimdondoshea uduvi mbele ya pua:
akamtazama kama aliyefunga atazamavyo sahani ya wenzake,
akageuza mkia.
Siku ya kumi na sita tumbo lilikuwa limebonyea
kama shamba lililo juu ya mgodi.
Mashavu tu ndiyo yaliyovimba,
na ukisogeza tochi taratibu
uliona, nyuma ya ngozi ya kidevu,
macho madogo, mengi, yanakutazama.

Nimekua nikidhani kimya cha baba ni hasira.
Miaka ishirini na saba alipanda kutoka chini,
akakaa mezani na wanja wa makaa kwenye kope,
mdomo umefungwa, supu inapoa.
Sikuwahi kuuliza amebeba nini.

Usiku wa ishirini na mbili umeme ukakatika.
Tulilifunika tangi kwa mablanketi yote, hata la mama.
Baba alivaa taa yake ya kichwani ya kazini,
akawasha pampu ndogo ya betri,
akaketi ukingoni mwa beseni.
Pampu ilikoroma, kifua chake kikakoroma,
gizani sikujua kipi ni kipi.
Mara akasema, bila kunigeukia:
"Mwaka ule, kule chini, tulikuwa saba."
Nikangoja.
"Lidka, nishikie taa."

Alfajiri dume akasogea kwenye nungunungu wa baharini,
wa bandia, baba aliyemtengeneza kwa nyuzi za ufagio,
akafungua mdomo.
Mmoja. Watatu. Kisha kama anakohoa, kundi zima,
samaki kamili, wadogo kuliko punje ya mchele,
wakakimbilia katikati ya miiba.
Nilihesabu thelathini na mmoja. Baba alisema thelathini na wawili.
Hatukukubaliana hadi leo.

Nikamletea dume uduvi.
Wa kwanza alimtema,
kana kwamba amesahau kinywa ni cha nini.
Wa pili akammeza.

"Tulikuwa saba," baba akasema tena.
Nikageuza ndoo juu chini,
nikaketi.