Hasira Nzuri

Jumamosi, ukumbini Bondeni, kwa fulana ya kuazima,
nilimtukana tajiri mwenye kitambi cha mto na kamba
hadi mate yakanikauka.
Meneja Lubanga, kiti cha mbele, alisimama kupiga makofi.
"Ambundo, kijana, una hasira nzuri!"
Akaninunulia soda.

Jumatatu, kiwanda cha blanketi.
Nimechelewa dakika nne: mvua, matope ya Kaptembwo.
Nusu siku imekatwa.
Nikafungua kinywa. Maneno yaleyale, sauti ileile.
Lubanga hakuinua macho.
Askari akanionyesha geti.

Mama hakuuliza kitu.
Alikuwa akipiga pasi shati langu la mahafali,
lile lisiloijua ofisi,
akanyoosha kola, akanyoosha tena,
mpaka sote wawili
tukasikia harufu ya kuungua.