Jumatano, Jino Linauma

Madaftari kumi na moja, jalada jeusi, yamefungwa kwa uzi wa katani,
yaliletwa kiwandani Barabara ya Lusingeti na mjukuu wake,
amenuna kama aliyetumwa kupeleka mkojo maabara.
"Msibadilishe kitu," akasema. "Babu amekataza."

Mimi kazi yangu ni koma na nukta.
Miaka kumi na tisa nasoma prufu:
nyimbo za kanisa, kalenda za mabucha,
ripoti za tume ambazo hata tume haikuzisoma.
Sijawahi kuiacha chai kwa sababu ya maandishi.
Safari hii ilipoa, ikafanya utando.

Siyo kwamba sikujua wanakula.
Hilo hata kuku wa Kariokor anajua.
Lakini Bwana Mwakio, Katibu wa Wizara, anaandika:
"Waziri kavua viatu mkutanoni. Soksi moja ya bluu, moja nyeusi.
Tumejadili njaa saa tatu nzima.
Maandazi yalikwisha dakika ya kumi."

Anaandika:
"Leo nimeisifu hotuba niliyoiandika mwenyewe.
Nimepiga makofi hadi pete ikanikata."

Anaandika:
"Mkurugenzi amenisalimu kwa mikono miwili. Kuna kitu anakijua."
Na kesho yake: "Kafutwa. Kumbe alikuwa anaaga."

Nikacheka peke yangu. Otsieno wa mashine akanichungulia.

Ni utamu wa mtoto aliyejifanya kalala
wageni wakinong'ona sebuleni, nakubali.
Maana sisi tulilelewa na taarifa ya habari ya saa moja jioni:
imeelezwa, imebainika, hatua zitachukuliwa,
vitenzi visivyo na mtu.
Hapa kuna mtu. Ana gesi tumboni. Anamwogopa mkewe.
Anawahesabu waliomsalimu kwenye lifti.
Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake;
huyu kalala ndani miaka ishirini na miwili
na anakiri kwamba alikoroma.

Daftari la tano na la sita niliyaruka.
Nilijua ninakokwenda.
Kitabu cha namna hii, hutafuti jina la mkubwa;
unatafuta siku yako.

Yangu ni tarehe tisa, mwezi wa Oktoba.
Saa kumi alfajiri tingatinga liliingia kijiji cha Kwa Reli Mbili,
likaanza na choo, likaja kwa Mama Kageha muuza githeri,
likamalizia kwetu.
Mama alitoka na sufuria na nusu ya godoro.
Nilikuwa kidato cha pili. Sare yangu ilikuwa kwenye kamba.
Sikuiona tena, wala kamba.

Miaka yote hii nimewaketisha mezani kichwani mwangu.
Wamekunja uso. Wanabishana.
Mmoja anasema hapana, anapigiwa kura, anashindwa;
huyo nilimpa hata miwani.

Nikafungua ukurasa.

"Jumatano. Jino linauma. Nimetia sahii barua tatu,
moja ya ardhi ya reli. Daktari kesho saa nne.
Mvua."

Basi.

Niligeuza karatasi, nikaangalia nyuma.
Hapakuwa na chuki. Chuki ningejua la kuifanya.
Mvua, ndiyo, hapo hakudanganya:
yeye aliitazama kupitia kioo cha Harambee Avenue,
sisi tuliikinga kwa sufuria.

Sahihi. Kairuka herufi moja.
Kalamu nyekundu ikanyanyuka yenyewe, mkono wa mazoea,
ikasimama juu ya neno.
Nikairudisha mezani.
Isomeke alivyoitia.

"Vipi," akauliza Otsieno, anafuta wino vidoleni,
"hicho kitabu kitauzika?"
Nikamwambia kitauzika.
Kisha saa ya kutoka ikapita, mlinzi akagonga funguo langoni,
na mimi nimelifungua daftari la nane,
nataka kujua kama lile jino liling'olewa.