Springi

Katika masjala ya ardhi, Nakuru,
madirisha kumi na moja yalitazama magharibi,
kila moja na pazia lake la kuviringisha,
turubai rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na mama yangu, Peninah Kwamboka, ndiye aliyeyafungua na kuyafunga.

Ya kamba aliyadharau kidogo.
Ukiizungusha kamba nane kwenye ndoano, imekaa;
ukisahau, pazia laporomokea wino wa karani.
Lakini ya springi! Hayo yalitaka adabu.

Usilivute kama unagombana na mbuzi, alisema.
Lishushe kwanza, upana wa vidole viwili,
ndipo likubali kupanda.
Sikiliza ndani ya gogo, upande wa kushoto:
kidole cha chuma kinatoka kwenye jino.
Ukitaka likae, punguza mwendo,
kidole kitaanguka chenyewe, kwa uzito wake.
Ukiliachia ghafla
vidole vinarushwa nje, havishiki kitu,
pazia lajifyatua juu, ta-ta-ta-ta,
na mpimaji anakula vumbi la Menengai.

La saba lilichoka mapema.
Kila Januari alilitoa kwenye vishikio,
akalibana magotini kama mtoto anayekataa dawa,
akaikaza ncha yake kwa uma wa jikoni,
mizunguko kumi na minane.
Si kumi na tisa. Ya kumi na tisa inakata springi.

Mwaka jana waliweka vioo vyeusi.
Mapazia yakatupwa uani, nyuma ya matangi ya maji.
Mama hakuambiwa;
tulikuwa tumeshamzika Nyamira, mwezi wa Aprili.
Niliomba la saba.
Mlinzi, Bwana Ekidor, akanipa bila risiti,
akaniuliza kama ni la kuni.

Sasa limelala mezani pangu.
Nguo imeoza, limebaki gogo tupu,
na ile ncha bapa imeng'ang'ania jino lake.
Nimeitia koleo.
Kwanza nyuma kidogo, kama alivyonifunza,
kisha nikaachia.

Ikazunguka,
ikikwaruza, ikitema kutu juu ya kitambaa,
nami nikihesabu kwa sauti kama mwendawazimu
hadi kumi na tano. Ikasimama.

Mitatu sijui ilikwenda wapi.

Uma upo kwenye droo,
meno mawili yamepinda kuelekea kushoto.
Hatuulii chakula.