Swali la Tisa

Fomu imeandikwa kwa Kifaransa, karatasi ya kijivu,
mvua ya Bukavu imekwisha kuilamba pembe.
Swali la tisa: nani anakulipia masomo?
Tia alama mahali pamoja tu.
Bursi. Mkopo. Kazi. Mfadhili. Mengineyo,
na baada ya "mengineyo" mstari
mfupi kama kidole cha mtoto.

Nimekaa ngazini, nje ya ofisi ya apariteri,
mimi Nsimire, mwaka wa pili, uchumi.
Nafundishwa kuhesabu mali za mataifa,
na minervali yangu mwenyewe hainiingii kichwani.

Bursi naijua. Mwaka jana ilikuja.
Ilibandikwa ukutani Jumatatu, ikafungwa Jumatano,
na Jumanne kutwa nilikuwa nasaka mhuri wa mtaa,
ambao mwenyewe alikuwa ameondoka nao
kwenda matanga, Walungu.
Wino ulirudi Ijumaa.

Mkopo upo. Unaitwa Mama Nabintu,
ana duka la vitenge Nyawera.
Mia unairudisha mia na ishirini.
Hakudai, hapana, anakusalimia tu
kwa sauti inayojua tarehe.

Kazi: jioni, kwa Papa Buhendwa,
natoa fotokopi za vitabu nisivyoweza kununua.
Nasoma ukurasa ungali moto, kabla haujaondoka na mwenyewe.
Umeme ukikatika, sura inabaki nusu.
Ndiyo maana najua nusu ya kwanza ya kila nadharia.

Mfadhili. Hapo kalamu ilisita.
Parokia ilinipa dola thelathini na tano, mara moja,
pamoja na picha nikiwa nimeshika bahasha.
Mjomba wa Kolwezi alituma hamsini kwa simu,
makato yakala mbili,
ujumbe ukasema: usiniaibishe.

Na Cirhuza, nimweke wapi?
Nilimzidi miaka miwili, alinizidi hesabu.
Mwaka ule pesa zilimtosha mtu mmoja.
Hakuna aliyepiga kura.
Aliamka mapema tu, akavaa shati la baba,
akapanda Muhungu kubeba matofali.
Jioni akaweka franka mezani, zina vumbi jekundu,
akaniuliza, "Leo mmesoma nini?"
Hiyo ni bursi, ama mkopo?
Na kama ni mkopo, riba yake
inahesabiwa kwa kitu gani?

Halafu likelemba la wauza sambaza wa Kadutu,
akina mama kumi na wawili, daftari moja, penseli moja.
Zamu ya Mama ilikuwa mwezi wa sita,
mtihani wangu mwezi wa pili.
Mama Faida akampa yake, ile ya mabati.
Mpaka leo mvua ikinyesha usiku
namsikia, ng'ambo ya ukuta, akisogeza beseni.

Nikageuza karatasi.
Nikawaandika wote nyuma, kwa majina,
hadi Buhendwa, hadi Nabintu,
hadi kalamu ikaanza kukwaruza bila kuandika.

Karani akaitazama upande mmoja.
"Nyuma hatusomi," akasema. "Chukua ingine."
Mtu akakohoa kwenye foleni.
Nikachukua ingine.

Kwenye mstari ule mfupi nikaandika
neno moja la Kiswahili, herufi nne:
ziwa.

Akalisoma. Akalisoma tena.
"Ziwa gani?"

Dirishani Kivu ilikuwa imelala,
kana kwamba haijawahi kumlipia mtu chochote.
Na huko Kadutu, saa hiyo, Mama alikuwa akipima sambaza kwa kopo
kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ukimshika kitinda mimba anayenyonya.

"Yote mawili," nikamwambia.

Akanitazama kidogo.
Akagonga mhuri. Huu ulikuwa na wino.