Nyuma ya Mlango wa Karakana, Ndanda

Bruda Ekkehard hakupenda ndege,
wa manyoya wala za bati.
Hata kunguru wa jikoni aliwapa mgongo.

Nilikuwa namshikia tochi chini ya jenereta ya hospitali,
na habari zake nilizipata kipande kipande, kama spea:
alipelekwa vitani ana miaka kumi na tisa;
mkiani walimchorea mistari myeupe,
kila mstari ndege moja iliyodondoka;
naye akaangushwa mara tatu.
"Sikio hili la kushoto," alisema, "ni pambo tu."

"Mistari mingapi, Bruda?"
Akanituma spana namba kumi na saba.

Mwaka ule Lukuledi ilipokata barabara
ndege ya madaktari ilikohoa kiwanjani, ikanyamaza.
Wakamwita. Alikwenda kama mtu aendaye kwa wakwe.
Akafungua, akapuliza, akafunga.
"Panda, Bruda, uionje," rubani akacheka,
kijana wa watu, hajui.

Akapanda. Akashika usukani.
Mikono ile isiyotikisika mbele ya moto wa kuchomelea
nikaiona inatetemeka.
Akashuka. "Inafaa."
Akaenda kunawa, akanawa mpaka sabuni ikaisha.

Tulipomzika nilifagia karakana.
Nyuma ya mlango, kwa ncha ya msumari,
mistari ishirini na saba,
na pembeni ya kila mmoja neno la Kijerumani.

Nikamwita Padri Chinguile anisomee.
Nilidhani ni majina.
Majina angeyajulia wapi?
Ilikuwa hali ya hewa:

mawingu. Jua. Ukungu. Jua.
Jua.