Kipimo cha Pua

Pikapu yangu inainamisha pua
kama mtu anayetafuta sindano mchangani.
"Tuinyanyue mbele vidole vinne," anasema mdogo wangu Chilumba,
"isimame kama simba wa noti ya elfu mbili."
Amenionyesha picha kwenye simu:
gari jeupe, matairi mapana, halina vumbi, halina mzigo,
halijawahi, nadhani, kuonja kilima cha Newala.

Gereji ya Nandonde ipo Masasi, nyuma ya duka la saruji.
Mlima Mkwera unachungulia juu ya bati.
Alijilaza chini ya gari kabla sijamaliza salamu,
akatoka na kidole kilicholowa mafuta meusi.
"Shokapu hizi zimekufa. Tangu mwaka jana zimekufa.
Ulikuwa unaendesha jeneza."

Akatandika gunia, akazipanga mpya mbele yangu,
na moja ya mtumba iliyopakwa rangi ya fedha kuficha uzee.
Hiyo aliisukuma kwa kiganja.
Ikazama, ikabaki huko huko.
"Kangomba," akasema, tukacheka sote,
maana huku nani hajawahi kupimiwa kwa bakuli?

"Unabeba nini?"

Sikujua ni swali la kujibiwa kwa mwaka mzima.
Juni, salfa. Oktoba, korosho,
magunia kumi na mawili kutoka Kitangari hadi ghalani.
Korosho zikiisha, madumu ya maji
kwa walioko juu, ambako kisima ni hadithi.
Na kila Alhamisi, mama, hadi hospitali ya Mkomaindo,
na uti wake wa mgongo unaohesabu matuta kwa sauti.

"Lakini vidole vinne..." akaanza Chilumba.
Nandonde hakubishana. Alimwita kijana wa dukani,
mifuko ishirini ya saruji ikahamia kwenye bodi
kwa mkopo wa nusu saa.
Akachomoa tepu ya cherehani, ya mkewe, imejaa grisi,
akapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi,
mbele,
nyuma,
akaandika kwa chaki mlangoni kwangu bila kuomba ruhusa.

Nyuma ilikuwa imekaa.
Na pua ile iliyoinama ilikuwa imenyanyuka, taratibu,
kama mtu aliyeipata sindano yake.

"Sasa ongeza vidole vyako vinne," akamwambia Chilumba.
"Usiku taa zitawamulikia popo.
Jointi zitapinda shingo, buti zitachanika,
mchanga wa Lulindi utaingia bila hodi."

Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini,
kana kwamba anamsema jirani:
"Anayebeba ni springi. Shokapu haibebi kitu.
Kazi yake ni kumwambia springi: basi, imetosha."

Nikamkumbuka marehemu baba,
ambaye sikumwona akijitwika gunia hata moja,
lakini akiingia, nyumba ilikuwa inatulia.
Sikulisema.

Nyuma nikachagua za gesi, ngumu, za korosho.
Mbele za mafuta, laini, za mama.
Na spesa moja, nene kama kidole gumba,
hiyo kwa ajili ya mdogo wangu, asinune.
Ilikuwa pesa ya bati la jikoni.
Mvua zikija tutasogeza sufuria.

Alhamisi mama alipanda, akashika dashibodi kwa mazoea.
Alihesabu matuta hadi saba,
la nane akalipita akisimulia habari za harusi.

Shokapu moja ya zamani sasa ni komeo la banda la kuku.
Namba za chaki sijazifuta.
Pikapu ikiwa tupu, pua bado inainama kidogo,
na Chilumba, akitaka kupiga picha,
anaipaki kwenye mteremko, ikitazama juu.