Tone la Mwisho

Barua mbili mezani, chini ya kikombe cha Baba.
Moja ya Nairobi, moja ya mbali kwenye theluji.
Zote kemia. Zote hongera.
Shangazi Tapkigen keshachagua: "Ng'ambo! Nani hukataa?"
Mwalimu Wasilwa akachora jedwali, ada huku, sifa kule,
akajumlisha, akafuta, akanywa chai.

Baba hakutia neno.
Mwaka wa kumi na tisa huu, maabara ya shule,
huosha chupa za watoto wa wenzake.
Jumamosi akanipeleka, akafungua bureti:
"Hesabu matone."
Tone. Tone. Maji kimya, kama hayajasikia.
Tone jingine,
na chupa nzima ikawa waridi.
"Usidhani ni hili la mwisho lililofanya kazi."

Nikarudi kwa miguu kupitia Bondeni,
harufu ya magadi ikipanda kutoka ziwani,
ziwa lililomeza ua na barabara
na hakuna aliyewahi kuniambia lina nini ndani
hata likavimba hivyo.

Usiku nikachomoa barua moja.
Ile ya theluji imebaki pale,
na duara la chai juu ya jina langu.
Siifuti.